Kochi la Mdogo Wangu

Januari 2023 serikali ya Rwanda ilipopanga kazi zianze saa tatu asubuhi na kuisha saa kumi na moja jioni, ili watu wapate muda na familia zao, mdogo wangu alizishika saa hizo kama hati ya kiwanja. Kabla ya hapo alikuwa akitoka ofisini Kacyiru anapitiliza kwenye kazi ya pili, hesabu za duka la mtu, hadi usiku. Akaiacha. Mama akamuuliza kama anaumwa.

"Siumwi, mama. Nataka kupumzika."

Hapa Nyamirambo, kijana mzima kusema hivyo mbele ya mama aliyetulea kwa kuuza sambusa Biryogo ni kujitafutia balaa.

Balaa lilifika Ijumaa jioni juu ya pikapu: kochi la rangi ya damu ya mzee, limetoka Gakinjiro, Gisozi, pana, mikono minene. Malipo yake ya mwisho ya dukani yote yaliishia hapo. Mlango wetu hakuna aliyeupima. Vijana wa pikapu wakasukuma, wakaligeuza ubavu, wakapiga bismillahi. Nusu ikaingia, nusu ikabaki barazani, haliendi wala halirudi. Rangi ya fremu ikakwanguka hadi mbao zikaonekana. Fundi akapigiwa simu, akasema kesho mchana. Na kesho yenyewe ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, umuganda, kazi ya pamoja ya jamii! Saa mbili hadi saa tano maduka yamefungwa, watu wako na majembe, na asiyetokea anaweza kutozwa hadi faranga 5,000.

Asubuhi tukatoka kwa kuparamia ukuta wa uwani, kwa ngazi ya jirani, majembe yakitangulia. Mama, ambaye kapita miaka 65 na umuganda haumdai, alisimama chini akituaga: "Mpumzike vizuri, wanangu!" Mwenye kochi akachana suruali huko juu. Mkuu wa mudugudu, yaani mtaa wetu, aliyekuwa ng'ambo ya ukuta, alituangalia tukishuka mmoja mmoja huku akiuma midomo asicheke.

Saa saba fundi aling'oa fremu nzima. Kochi likaingia, na mama akawa wa kwanza kulikalia, eti anajaribu springi. Alizijaribu hadi alasiri, akikoroma. Simu ya mdogo wangu ikalia: mwenye duka, hesabu zimemshinda, anamtaka arudi. Mama akafumbua jicho moja, akaichukua yeye.

"Hayupo, baba. Kapumzika. Na siku nyingine usipige saa hizi, kuna watu wamelala."