Barua ya Wazi kwa Kamati ya Vipaumbele

Waheshimiwa Wajumbe,

YAH: OMBI LA MAMA KUPOKELEWA KAMA SAMPULI

Kwa heshima na taadhima tunawapongeza kwa kuhitimisha warsha nyingine ya kupanga vipaumbele vya utafiti wa magonjwa ya utumbo ya watoto. Wazazi wameshirikishwa kikamilifu, kwa maana kwamba picha ya mmoja wao imepamba jalada la ripoti. Utaratibu tumeuzoea. Maswali hutungwa ukumbini, fedha hutafutwa, itifaki hupitishwa, kisha mama huitwa mwishoni kutia dole gumba kwenye fomu ya ridhaa, apewe soda na kipande cha sabuni. Huulizwa kama anakubali. Kama swali lenyewe lina maana, hilo haulizwi.

Chukueni ugonjwa wa Hirschsprung, ambao takriban mtoto mmoja kati ya 5,000 huzaliwa nao: sehemu ya mwisho ya utumbo haina seli za neva, choo hakisogei, tumbo linajaa. Upasuaji wake unajulikana tangu 1948. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa 2021 kuhusu kasoro za kuzaliwa za njia ya chakula, ugonjwa huu ukiwemo, katika nchi 74, ulikuta kwamba katika nchi maskini karibu watoto 40 kati ya 100 walifia hospitalini. Katika nchi tajiri hawakufika sita. Sehemu ya pengo hilo imo katika mambo ambayo mama anayaona kila siku. Mtoto hakupata choo cheusi cha kwanza kwa siku mbili, na hakuna aliyeuliza kabla ya kumruhusu nyumbani. Akatolewa utumbo tumboni ili haja ipitie hapo akisubiri upasuaji wa pili, lakini mifuko ya kupokelea haja haipo wodini, na dukani ikiwepo haishikiki bei. Basi kanga inachanwa vipande na ngozi inaungua. Kitambaa gani kinaweza kuikinga? Upasuaji wa hatua moja ni salama kiasi gani pasipo na mifuko? Haya ni maswali ya utafiti, hata yakiulizwa na mtu aliyevaa ndala.

Ombi letu kuu ni dogo. Kwa kuwa katika mfumo wenu kinyesi cha mtoto kinaheshimiwa kuliko aliyemzaa, tunaomba mama naye asajiliwe kama sampuli. Abandikwe lebo yenye mistari myeusi asije akapotea kati ya dirisha la malipo na maabara. Saa ya kufika kwake iandikwe, maana mnafahamu kuwa sampuli ikicheleweshwa huharibika, ilhali mama akikaa kwenye benchi tangu alfajiri hadi adhuhuri haharibiki. Aletwe kwa gari la mradi, ndani ya kisanduku chenye barafu, si kwa daladala. Anayempokea avae glavu na amshike kwa mikono miwili. Kisha ahifadhiwe nyuzi 80 chini ya sifuri, kwenye friji lenye jenereta yake, kwa sababu umeme ukikatika wodini watoto husubiri, ila friji la utafiti halisubirishwi. Mnalijua hilo, mmelisaini, mkalala usingizi. Samahani, tuendelee. Wakati wa kwenda Ulaya ukifika, mkataba wa kuhamisha sampuli utiwe saini, naye asafiri bila ubalozi kumuuliza ana kiasi gani benki. Atafika hadi kwenye ukumbi yanakotungwa maswali. Hapo sasa, akishayeyuka, aulizwe.

Mtasema mama hana elimu ya kubuni utafiti. Hajaombwa kubuni. Uingereza, tangu 2004, mpango uitwao James Lind Alliance huwakalisha wagonjwa, walezi na matabibu meza moja. Maswali yao hupimwa dhidi ya ushahidi uliopo, yaliyokwisha kujibiwa huondolewa, na yaliyobaki hupangwa kwa makubaliano. Uchambuzi wa 2015 ulionyesha kuwa dawa zilikuwa asilimia 18 tu ya tiba zilizotajwa katika vipaumbele vya namna hiyo, lakini asilimia 86 katika majaribio ya kibiashara. Asiyesoma, kumbe, si ndiye pekee anayeona upande mmoja. Mtasema pia kuwa orodha ni ya mfadhili. Hilo tunalikubali, na ndilo linalotukera: mmekuwa makarani wa maswali ya watu wengine juu ya matumbo ya watoto wetu, na bado mnajiita kamati ya vipaumbele. Azimio la Helsinki kuhusu maadili ya utafiti wa tiba, lililorekebishwa 2024, linataka washiriki na jamii zao washirikishwe kwa dhati kabla, wakati na baada ya utafiti. Kabla, waheshimiwa.

Mengine ni madogo. Warsha isiangukie siku ya kliniki ya upasuaji. Mwakilishi wa jamii awe mtu ambaye jamii imewahi kumwona. Na kuhusu vile vinyesi vilivyosafiri, tunaomba nakala ya matokeo, kwa Kiswahili. Tangu vipande ndege hatujapata hata salamu.

Wenu watiifu,
Sisi wa kwenye benchi