Mapishi ya Mvita, Moto wa Nyeri

Desemba ndio mwezi wa plamu katika miji ya Mlima Kenya. Kuanzia Karatina hadi Kiganjo, akina mama hupanga ndoo kando ya barabara, plamu zimerundikwa hadi juu, na pembeni kuna matunda damu, maparachichi na karoti zilizooshwa zikang'aa. Ndio pia mwezi ambao shule zimefungwa na ndugu walio mbali hurudi nyumbani. Kaka yangu alihamia Mombasa kikazi, akaoa huko huko. Aliponipigia simu kusema kwamba anakuja na mkewe na watoto, nilijua Jumapili hiyo nyumba yetu ya King'ong'o, Nyeri, itajaa, na nilijua wifi hatakuja mikono mitupu.

Wifi alileta iliki, mdalasini, achari ya embe na ahadi. Ahadi ilikuwa pudingi ya matunda chini na keki juu, ambayo nyumbani kwao Mvita, Mombasa, huipika kila mara wageni wanapokuja.

"Hakuna kitu chepesi kama hiki, wifi," aliniambia Jumamosi usiku tukichambua mchele. "Unakata matunda, unayatandaza kwenye treya, unayanyunyizia sukari. Mayai manne unayapima, halafu sukari, siagi na unga uzani ule ule wa mayai. Bekin pauda vijiko viwili vya chai. Ukimwaga juu ya matunda ukatia kwenye oveni, nenda kaswali. Ukirudi imeiva."

Kwao huweka embe au nanasi. Huku tulikuwa na plamu alizonunua kaka njiani pale Karatina, walipobadilisha matatu, na mama alikuwa ametuma matunda damu kutoka shambani. Wifi hakuwahi kuyashika matunda damu maishani mwake. Binti yangu mkubwa alimwonyesha: unayamwagia maji yaliyochemka, unangoja kidogo, kisha unavuta ngozi yake chungu inatoka yote. Wifi alionja, akafumba jicho moja kwa ukali wake, akaongeza sukari na iliki. Tukakubaliana kwamba plamu na matunda damu vitalala pamoja.

Pudingi ya namna hii ilitoka Uingereza, ambako keki huokwa juu ya tufaha, lakini si ngeni hapa kwetu. Hoteli ya Outspan ilifunguliwa Nyeri mwaka wa 1928. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliishi miaka yake ya mwisho katika nyumba ndogo kwenye uwanja wake hadi alipofariki Januari 1941, na kaburi lake liko hapa mjini. Jikoni za hoteli na za walowezi zilikuwa mikononi mwa wapishi Waafrika, na waliyoyajua hayakubaki kazini. Kisha Maendeleo ya Wanawake ikaanzishwa mwaka wa 1952, na vilabu vyake vikafundisha akina mama wa vijijini kushona, kufuma na kuoka. Mama yangu aliingia katika klabu ya namna hiyo akiwa msichana, miaka ya sitini. Amekuwa akioka keki za harusi na za ubatizo tangu kabla sijazaliwa, na hajawahi kufungua kitabu cha mapishi.

Jumapili tulirudi kutoka kanisani tukakuta wageni wengine wameshatangulia: shangazi wawili, binamu na watoto wao. Mama naye alikuwa amefika, ameketi kwenye kiti chake karibu na mlango wa jikoni, shuka limemfunika magoti. Wifi aliinama akamwamkia shikamoo, na mama akaitikia marahaba kwa furaha, maana kwa Kiswahili chetu cha huku juu salamu hiyo haisikiki kila siku. Mukimo ulikuwa tayari, kuku yuko motoni. Wifi akavaa leso kiunoni, akaanza kazi.

Siagi ilikuwa ngumu. Pwani huachwa mezani ikalainika yenyewe. Nyeri, asubuhi ya Desemba, unaipiga hadi mkono unakufa ganzi. Watoto wakapokezana bakuli. Mayai yakaingia moja moja, unga ukachungwa, vijiko viwili vya bekin pauda vikatiwa kama ilivyo desturi ya Mvita. Mama alikuwa akitazama. Wifi alipotia kijiko cha pili, mama alimgeukia shangazi akamnong'oneza jambo kwa Kikikuyu, kisha akanyamaza, kwa sababu mgeni anapopika haingiliwi.

Treya ikaingia kwenye oveni ya gesi. Muda si mrefu watoto waliokuwa wamechuchumaa mbele ya kioo wakaanza kupiga kelele za shangwe. Pudingi ilikuwa inapanda, na ilipanda upesi kupita vile wifi alivyozoea, ikafika ukingo wa treya, ikavuka. Unga ukachuruzika pamoja na maji mekundu ya matunda, ukadondokea chuma cha moto chini, na moshi wa sukari inayoungua ukajaa jikoni, ukapita sebuleni, ukatoka dirishani. Kaka alikimbia kufungua milango. Shangazi walishika watoto wadogo wakatoka nao uani. Jirani yetu alikuwa akianua nguo, alipouona moshi aliruka ua akiwa na ndoo ya maji, akaingia hadi jikoni tayari kuimwaga, na wifi akasimama mbele ya oveni, mikono ameitanua, akimsihi, "Usimwage, dada yangu, ni pudingi!"

Moshi ulipotulia tulifungua oveni. Pudingi ilikuwa imebonyea. Kingo zilikuwa za kahawia nzuri, lakini katikati palikuwa bonde la unga mbichi uliozama ndani ya matunda. Wifi aliitazama kwa muda. Machozi yalimlenga, na niliyaelewa. Alikuwa amekuja kuwaonyesha wakwe zake mapenzi kwa mikono yake mwenyewe, na chakula ambacho hakijawahi kumwangusha kikamwangusha mbele yao.

Hapo ndipo mama aliposema. Alisema kwa Kiswahili, polepole, ili wifi asikose hata neno. "Mwanangu, kazi yako ni safi. Huku keki ina haraka. Lazima uizuie."

Mama alikuwa ameeleza kwa maneno machache jambo ambalo fizikia hulieleza kwa urefu. Mji wa Nyeri uko karibu mita 1,750 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa hapa ni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko Mombasa. Gesi inayotolewa na bekin pauda hukutana na upinzani mdogo, kwa hiyo vipovu hufura upesi na kupasuka kabla mayai na unga havijashikana. Keki inapanda ikiwa bado haina mifupa, halafu inaanguka. Maji nayo huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, na ndiyo sababu maharagwe huchelewa kuiva huku kuliko pwani. Plamu mbichi zilizolazwa chini ya unga hubaki ngumu, zikitoa maji wakati keki inahitaji kukauka. Vijiko viwili vya wifi ni sahihi kabisa, kwa Mvita.

Mama akatoa maagizo bila kuinuka kwenye kiti. Bekin pauda ipunguzwe, kijiko kimoja na nusu kinatosha. Sukari ya kwenye unga ipungue kidogo, maana sukari nyingi hulegeza keki. Maziwa yaongezwe vijiko viwili vitatu, kwa sababu hewa ya mlimani hunyonya unyevu. Matunda yapikwe kwanza kwenye sufuria hadi yalainike, yatandazwe yakiwa moto, na unga umwagwe juu yake papo hapo ili uanze kushika kutoka chini. Na oveni iwe kali kuliko ya pwani, ili keki isimame kabla haijapata nafasi ya kuanguka.

Mayai yalikuwa yamekwisha. Jirani alirudi kwake, na safari hii badala ya maji alileta mayai ya kuku wake wa kienyeji. Matunda yakapikwa na mdalasini hadi nyumba yote ikanukia. Bakuli likazunguka tena mikononi mwa watoto. Wifi akapima kila kitu akimtazama mama, na mama akitikisa kichwa kukubali. Tukawasha oveni, na moto wa buluu ukawaka, ukafifia, ukazima. Mtungi ulikuwa umekwisha. Duka la gesi la karibu lilikuwa limefungwa, na unga uliokwisha changanywa haungoji, kwani bekin pauda huanza kazi mara inapolowa.

Sasa ilikuwa zamu ya pwani.

"Mna jiko la makaa?" wifi akauliza. Tulikuwa nalo, na palikuwa na sufuria nzito ambayo mama alikuwa nayo tangu ujana wake. "Basi msihangaike. Kwetu kabla ya oveni bibi zetu walipika vitumbua, mkate wa kumimina na keki za Idi kwa makaa. Nipeni mfuniko wa bati usio na tundu."

Makaa yakawashwa uani, binamu akipepea kwa kipande cha katoni. Wifi aliyagawa kwa makini: machache chini ya sufuria, yaliyosambazwa ukingoni ili katikati pasiungue, na mengi zaidi akayapalia juu ya mfuniko. Moto wa juu ndio unaokausha na kupaka rangi. Kwa pudingi ya matunda mpango huo unafaa sana, kwa sababu tabaka la chini lina maji na haliungui upesi, ilhali keki iliyo juu ndiyo inayohitaji joto kali. Upepo ulipoanza kuvuma kutoka upande wa Nyandarua, makaa ya juu yakawaka mekundu upande mmoja. Kaka na binamu walishika karatasi ya mabati wakaikinga sufuria, na wifi akawa anaizungusha kila baada ya muda ili upande mmoja usitangulie mwingine. Mama alivuta kiti chake hadi uani. Akawa akisema "Ondoa mawili upande huu," na wifi akiondoa kwa koleo, wifi akisema "Tuongeze hapa, Mama?" na mama akiitikia.

Watoto walikatazwa kuomba mfuniko ufunuliwe. Harufu ilipobadilika kutoka ya mayai kuwa ya mkate, wifi aliyafagia majivu kwa jani la mgomba, akainua mfuniko kwa mikono miwili, akachoma ujiti katikati. Ujiti ulitoka mkavu. Keki ilikuwa imesimama tambarare kutoka ukingo hadi ukingo, rangi ya asali, na pembeni maji mekundu ya plamu na matunda damu yalikuwa yakitokota. Wifi na mama walikumbatiana. Wote tulipiga makofi, na jirani alikuwa miongoni mwetu, kwa kuwa hakurudi tena kwake jioni ile.

Tuliila na maziwa ya moto ya ng'ombe wa mama. Ile iliyoanguka nayo haikutupwa: kingo zake zilizoiva zilikatwa zikaliwa na watoto walipokuwa wakingoja.

Nimelifikiria jambo hili sana tangu siku hiyo. Tunaposema chakula fulani ni chepesi kupika, tunasahau wepesi huo umetoka wapi. Wifi alipata wepesi wake kutoka kwa mama yake na bibi zake, walioijua hewa nzito ya pwani, moto wake na matunda yake. Mama yangu ana wepesi wake, uliojengwa kwa miaka ya keki zilizokataa kusimama hadi akajua kuzizuia. Siku ile pudingi ilihitaji elimu zote mbili: vipimo vya mlimani na moto wa Mvita. Yeyote kati yao peke yake asingeiivisha, na nafurahi kwamba wanangu waliyaona hayo kwa macho yao, wameshika bakuli.

Nina ombi kwa wanaoandika mapishi kwa Kiswahili, vitabuni, magazetini na kwenye vipindi vya redio. Semeni mlipikia wapi. Nairobi iko karibu mita 1,700, Eldoret karibu 2,100, na Nyahururu imepita 2,300. Mbeya iko juu karibu sawa na Nyeri, na Goma iko karibu mita 1,500. Mamilioni ya wasomaji wa Kiswahili hupika juu mlimani, na wengi wakiona keki imebonyea hujilaumu wao wenyewe, au hulaumiwa na wenzao, wakaacha kuoka. Mstari mmoja ungewaokoa: ukiwa juu ya mita 1,500, punguza bekin pauda kwa robo, ongeza maziwa vijiko viwili, punguza sukari kijiko kimoja kwa kila kikombe, pandisha moto kidogo. Na wale wasio na oveni, ambao ni wengi, wafundishwe kupalia makaa bila kuonekana kwamba wanapewa njia ya wanyonge, kwa maana ni ufundi kamili.

Mpishi wa Tanga na mpishi wa Nyahururu wote wana haki ya keki iliyosimama.