Mtu wa Bukama Aibiwa Viatu na Bahari

Mtoto wa Bukama hafundishwi maji. Amezaliwa ukingoni mwa mto Lualaba, pale ambapo reli ya kutoka Lubumbashi ilifika mwaka 1918 na mizigo ikaanza kuhamia kwenye meli za mtoni kuelekea Kongolo. Amekula samaki wa ziwa Upemba na ziwa Kisale tangu meno yake yakiwa mawili. Anajua mto hupanda wakati wa mvua na kushuka wakati wa kiangazi, tena bila haraka, miezi kwa miezi. Kwa elimu hiyo, mwandishi wa makala haya alipopata likizo ya Julai alijiona profesa wa maji, akatangaza kwa majirani kwamba anakwenda kuogelea baharini.

Bahari ipi? Congo inayo yake. Iko Muanda, upande wa Atlantiki, pwani ya takriban kilomita 40 kwa nchi yenye zaidi ya kilomita za mraba milioni 2.3: nyumba ya ghorofa yenye dirisha moja, nalo la choo. Maji yanayopita Bukama huishia huko huko. Msafiri Stanley aliyafuata kutoka Nyangwe hadi akatokea Boma mwaka 1877. Mtu mwenye gogo zuri na subira anaweza kuijaribu njia hiyo, mradi asijali maporomoko ya Boyoma na yale ya Inga. Mwandishi hakuwa na gogo. Kwa mtu wa Katanga bahari ya jirani ni ya Waswahili, ndiyo inayoleta magari, mchele na vitenge kupitia bandari ya Dar es Salaam, na malori yanajua njia: Kasumbalesa, Zambia nzima, Tunduma, kisha mteremko hadi pwani. Kutoka Lubumbashi ni kama kilomita 2,000. Akapanda basi.

Aibu ya kwanza haikungoja bahari. Barabara kuu inakatiza Hifadhi ya Mikumi, na abiria mmoja alipopiga kelele "pundamilia!", mwandishi alisimama kitini akabandika pua kwenye kioo kama mtoto. Jirani yake akamuuliza anatoka wapi. Ikabidi aeleze kwamba kwao kuna Hifadhi ya Upemba, iliyoanzishwa 1939, na kwamba ndiyo kimbilio la pundamilia wa mwisho waliobaki Congo. "Kwa hiyo hawa umewazoea," akasema yule jirani. Mwandishi akakubali kwa kichwa. Alikuwa hajawahi kumwona hata mmoja.

Dar es Salaam alikwenda moja kwa moja Feri, soko la samaki la Kivukoni, kwa sababu mtu wa Bukama akifika mji mgeni huanza kukagua samaki. Palikuwa na mnada, madalali wakiimba bei, ndoo zikipita vichwani. Akamsogelea dalali mmoja na kumwambia kwa heshima zote:

"Papa, mimi nataka kuuza samaki."

"Karibu sana. Mzigo wako uko wapi?"

"Mzigo gani? Samaki si hawa hapa?"

"Hawa wana mwenyewe, ndugu yangu. Unauzaje samaki wa mtu?"

Msomaji wa pwani hapo anacheka, ila wa Katanga bado haoni kosa. Kwetu *kuuza* ni kutoa pesa na kubeba kitu, na anayepokea pesa ndiye *anayeuzisha*. Lugha ni moja, iliyopanda bara na misafara ya pembe za ndovu na watumwa ya karne ya 19, ila njiani ilibadilisha baadhi ya mizigo yake. Watu walikwishaanza kukusanyika kumtazama mwizi mstaarabu anayeomba ruhusa, ndipo kijana mmoja dereva wa malori ya Kolwezi akatafsiri. Mchana ule ule, kwa mama lishe, mwandishi aliomba *bukari* na kuambiwa imekwisha. Aliyekaa pembeni yake alikuwa anaimega. Pwani inaitwa ugali.

Pale Coco Beach, mahali pa mihogo ya kukaanga na mishkaki jioni, mwandishi alisimama ukingoni robo saa nzima akiukagua uso wa maji. Hatimaye akamuuliza muuza mihogo kama hapa mamba wapo. Kwa mtu aliyekulia Lualaba hilo ni swali la busara, la kwanza kabisa kabla ya kulowesha kidole. Muuza mihogo aliwaita wenzake waje walisikie tena.

Boti ya kwenda Zanzibar ni mwendo wa saa mbili hivi. Julai ni msimu wa kusi, upepo unaotoka kusini na kuitikisa bahari. Anayetaka maji matulivu na jua kali aende Desemba hadi Februari, wakati wa kaskazi. Hayo mwandishi aliambiwa baadaye. Aliyekulia ndani ya mitumbwi na balenyeri, zile mashua kubwa za mtoni, alimaliza safari amekumbatia mfuko aliopewa na mhudumu, huku bibi mmoja wa Kiunguja, mwenye kikapu cha mikate mapajani, akimpapasa mgongo na kumwambia, "Pole mwanangu, ndiyo bahari hiyo." Jioni alikwisha kupona vya kutosha kumaliza bakuli mbili za urojo pale Forodhani, mbele ya Mji Mkongwe, ulioingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000.

Kesho yake akaenda Paje, pwani ya mashariki. Alifika asubuhi akakuta bahari haipo.

Haipo kweli. Mchanga mweupe umetandaa hadi macho yanapochoka, mawimbi yanaonekana kama uzi huko kwenye mwamba, na katikati akina mama wameinama kwenye mashamba yao ya mwani, vijiti vimepangwa safu safu. Profesa wa maji akatoa uamuzi papo hapo: kiangazi. Kwao maji yakishuka, watu hupanda mboga kwenye udongo ulioachwa na mto, na wakavuna kabla hayajarudi. Basi akavua viatu vyake vya ngozi, vipya, alivyouza Lubumbashi (wasomaji wa pwani: alivyonunua), akavipanga vizuri mchangani pamoja na shati, akaenda kuutembelea mwamba.

"Baba, rudi! Maji yanajaa!"

"Mama, mayi iko mbali sana!"

"Kwako ndiyo mbali!"

Bahari haifuati mvua, inafuata mwezi. Hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua, mwezi ukiwa mpya au mpevu, tofauti ya kina Zanzibar hufika karibu mita 4. Kazi ambayo Lualaba huifanya kwa nusu mwaka, Paje huimaliza kwa saa sita na dakika chache. Mwandishi alirudi maji yakiwa kifuani, amebebewa simu na mama wa mwani aliyeiweka juu ya kichwa chake, ndani ya kilemba. Shati lilipatikana limejikunja kwenye kijiti cha shamba.

Siku tatu zilizobaki alizimalizia Kendwa, kaskazini mwa kisiwa karibu na Nungwi, ambako maji yakipwa hayaendi mbali na mtu anaweza kuoga saa yoyote apendayo. Ndiko angeanzia kama angeuliza. Alioga akiwa na kandambili miguuni, na alilala nazo.

Viatu ni vyeusi, namba 42, vya kamba. Aliyekiokota cha kushoto asikitupe: cha kulia kilirudishwa na maji usiku ule ule, na sasa kiko Bukama, dirishani, kinangoja.