Sifa za Choki

Mombasa ni mji wa kusifu. Muyaka bin Haji aliwasifu Mazrui hadi watesi wao wakachoka kusikia, maulidi yana kasida zake, harusi ina vugo lake, na hata pilau haipati kuliwa bila mtu wa kuisimamia kwa maneno. Basi nastaajabu kwamba miaka yote hii taa za tyubu zimemulika soko la Marikiti, hakutokea wa kutunga ubeti mmoja tu kwa ajili ya choki. Tyubu imesifiwa kwa weupe wake. Choki, iliyofanya kazi, imeambulia vumbi.

Asiyeijua na aingie katika maduka yaliyobanana nyuma ya soko, kule kunakonuka iliki na mdalasini, anyanyue kichwa. Ndani ya ile fitingi ndefu ya bati, mgongoni mwa tyubu ya futi nne, limekazwa donge la chuma. Ndani yake mna waya wa shaba uliozungushwa mamia ya mara juu ya mabamba ya chuma, basi. Haina taa, haina kitufe, haina maandishi anayoyasoma mtu. Sifa yake ya kwanza ni uzito. Ikimwangukia fundi mguuni, hana haja ya kuuliza kama ni mali halisi au ya bandia.

Sifa ya pili ndiyo kubwa, na hapa naomba msomaji anivumilie. Gesi iliyomo ndani ya tyubu ina ulafi wa ajabu: ikishawaka, kila inapopitisha umeme ndipo inapozidi kuutaka. Ukiiunga moja kwa moja na volti zetu 240, itajimaliza kabla hujashuka kwenye ngazi. Choki hukaa mlangoni kama somo wa bibi harusi, ikaamua kinachopita na kisichopita. Tyubu ya wati 36 haipewi zaidi ya ampea 0.43 hivi, ilie isilie. Na kuiwasha pia ni kazi yake. Stata hupata moto, vijichuma vyake viwili vikagusana, vikapoa, vikaachana. Pale vinapoachana choki hurusha teke la volti mamia kadhaa, na duka likang'aa. Teke hilo latoka kwenye waya uliozungushwa tu. Hakuna chipu, hakuna programu, hakuna mtu China wa kulizima.

Mahasidi wana yao. Wanasema yavuma. Yavuma, ndiyo, na kwa miaka mingi wenye maduka wamejua taa i hai hata wakiwa wamefumba macho, wakati wa kile kiusingizi cha baada ya adhuhuri. Wanasema yapoteza wati nane au tisa kwa kupata joto bure. Bure kwa nani? Muulize mjusi kafiri, anayeishi nyuma ya fitingi hiyo kwa vizazi, kitanda chake chapashwa moto na wadudu waletwa hadi mdomoni. Wanasema tyubu zake za bei rahisi huibadilisha bizari ikawa kijani kibichi. Mnunuzi mwerevu hutoka na konzi ya bizari hadi barabarani akaitazame juani, na mwenye duka hupata nafasi ya kupumua.

Kisha kuna magharibi, kila nyumba inapowasha taa kwa pamoja na volti zikashuka. Taa hupepesa, hutulia, hupepesa tena, isikubali wala isikatae. Hapo ndipo watoto wa mji huu walipojifunza ufundi: panda kiti, zungusha stata nusu, gonga bati kwa mpini wa ufagio, omba dua. Kuna na siri nyingine waijuayo wenye maduka. Tyubu ikishawaka, stata haina kazi tena. Waweza kuichomoa ukaipeleka taa ya pili, kisha ya tatu. Kwa stata moja nzima mtu huwasha duka zima na bado akamwazima jirani. Sijui kifaa kingine cha stima kilichoendeleza ujirani kiasi hicho.

Na nasaba inayo. Stima yenyewe iliingia kisiwani hapa kupitia mkono wa mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, ambaye mwaka 1908 aliipata mashine iliyokuwa ikimulika kasri la Sultani Barghash kule Unguja, na kwayo ikazaliwa kampuni ya umeme ya Mombasa. Tyubu zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1938. Kwa hiyo choki ni mgeni wa juzi tu kwa hesabu ya mji huu, lakini katika siku chache hizo imekaa kuliko kampuni kadhaa.

Sasa imekuja LED. Wati 18 kwa mwanga uleule, haivumi, haipepesi. Siibishii kwa tokeni za stima. Ila tazameni ndani ya kile kichwa chake cha plastiki: mna kichoki cha kisasa, chepesi, kimefichwa kama aibu, nacho ndicho kinachokufa kwanza kwa joto letu na stima yetu ya kupanda na kushuka. Boksi laahidi saa 25,000. Choki ya zamani haikuahidi kitu, ikakaa miaka thelathini.

Na kuiondoa si mchezo. Njia ya uvivu ni kununua tyubu ya LED iliyokuja na stata yake ya uongo, ambayo ndani ni fyuzi tu. Wachomoa ile, watia hii, na choki yabaki kazini kama bawabu wa nyumba iliyohamwa. Njia ya fundi ni kukata nyaya, kuiruka choki, na kupeleka moto na nyutro moja kwa moja kwenye holda. Hapo balaa huanza. Kuna tyubu zinazotaka moto ncha hii na nyutro ncha ile. Kuna zinazotaka vyote viwili ncha moja, na ncha ya pili pini zake zimeunganishwa. Ukiigeuza hii ya mwisho, ncha iliyounganishwa ikakaa penye moto na nyutro, utasikia mlio, utaona cheche, na mwenye duka atasoma shahada. Tyubu ya kale haikuwa na kichwa wala miguu, uliitia utakavyo. Na hata nyaya zingegusana upande wa pili wa choki, ingenguruma tu, kwani haikumruhusu yeyote, hata mjinga, kuvuta umeme apendavyo. Fundi mwenye adabu huandika kwa kalamu nene juu ya bati kuwa humu choki imerukwa. Wengi hawaandiki.

"Fundi, na hili chuma waliliacha la nini?" huuliza mwenye duka.

"Liwache papo hapo, ami. Halili, halinywi, na nikilifungua ni hesabu nyingine."

Ulimwengu nao umeshakata shauri. Mwaka 2023 huko Geneva, nchi za Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana kuwa kufikia mwisho wa 2027 tyubu zenye zebaki zisitengenezwe tena wala kuvushwa mipaka, na waliolisukuma jambo hilo tangu mwanzo ni nchi za Afrika. Choki haina hata tone la zebaki. Imehukumiwa kwa kukaa na mwenziwe.

Lakini mwisho wake hauna unyonge. Januari 2022, minara ya stima ilipoanguka na nchi ikaingia giza, Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu, kwa kuwa vyuma vilikuwa vikifukuziwa hadi kwenye nguzo. Kwa miezi kadhaa, hadi Mei, choki iliyong'olewa Marikiti haikuwa na mizani halali ya kupandia. Ilibidi ikae chini ya kaunta, kati ya gunia la tangawizi na ndoo ya maji, ikilindwa na amri ya Ikulu. LED ikifa hutupwa na maganda ya machungwa.