Sabuni ya Kutazamwa

Wanaonung'unika kwamba sabuni za kutengenezwa kwa mikono huko Unguja zimekuwa za kupigwa picha, hawajui kazi ya sabuni. Kipande cha mafuta ya nazi na mwani, chenye rangi ya udongo, hutoa povu hata kwenye maji ya chumvi. Lakini nani atakitia kwenye sinia la wageni? Afadhali kile chenye mawimbi ya rangi tatu, karafuu zimepangwa juu kama vito, hata zikikukwaruza mgongo. Mtasema sabuni isiyopikwa hutaka wiki 4 hadi 6 kukomaa. Kweli, ila utepe wa ukili hufungwa kwa dakika moja, na mnunuzi huanza na utepe. Eti ikilowa inachuja rangi? Basi msiiloweshe. Ya kuogea ipo, ya mche, dukani.