Gorila Hahojiwi Mara Mbili

Bugeshi tuna viazi, pareto, ukungu na watafiti. Viazi vina msimu.

Vijana wao hupanda na pikipiki kutoka Gisenyi, tableti ndani ya mfuko wa plastiki. Maswali ni yale yale: una mbuzi wangapi, unaweka mbolea gani, jana mlikula mara ngapi. Tangu volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021 na matetemeko kupasua kuta huku Rubavu, limeongezwa jingine: ulikuwa wapi, na ulijisikiaje? Nilikuwa nje na blanketi, na nilijisikia vibaya. Jibu hilo mke wangu amelikariri; nikivuta pumzi tu, analimalizia yeye.

Sasa inua macho uangalie mlima Karisimbi. Mtafiti wa gorila Dian Fossey alipofungua kambi ya Karisoke mwaka 1967, aliwachora gorila mikunjo ya pua, asije akamchanganya huyu na yule. Aliuawa Desemba 1985, lakini kazi ya kuwaandika iliendelea. Mtafiti mgeni leo anakuta ukoo umeshapangwa: nani kamzaa nani, nani alihama kundi. Hamsumbui mnyama kwa kumuuliza. Ile sensa ya 2015 na 2016, iliyopata gorila 604 katika milima ya Virunga, ilifanywa kwa kuokota kinyesi kwenye viota na kukipima vinasaba, na Rwanda, Uganda na Kongo zikashirikiana kwenye hesabu moja. Nchi tatu zimeweza kuaminiana kwa mavi! Huku chini, miradi miwili iliyolala hoteli moja haiwezi kupeana idadi ya mbuzi wangu.

Kuna kijana nilimuuliza kwa nini asichukue majibu niliyompa mwenzake. Akasema hayo ni mali ya mradi, na mradi ulishafungwa. Yako wapi? Kwenye kompyuta ya profesa. Na profesa? Alisharudi kwao. Mbuzi ni wangu, kuta zilizopasuka ni zangu, ila majibu ni ya mtu aliyepanda ndege.

Hata hivyo, afadhali hayo yaliyopotea. Kuna mengine yalirudi. Mtoto wa jirani anayesoma chuo alikuja na ripoti kwenye simu, akatusomea barazani. Jina langu halimo, wamelinda siri. Wameandika tu: "Mhojiwa wa 14, mkulima wa viazi na fundi redio pekee kijijini, humficha mkewe sehemu ya mauzo." Fundi redio pekee! Si bora wangeweka picha? Mke wangu hakuuliza mhojiwa wa 14 ni nani. Aliuliza pesa ziko wapi.

Rwanda tunayo Sheria namba 058/2021, ya tarehe 13 Oktoba mwaka huo, ya kulinda data binafsi. Inanipa haki ya kujua habari zangu zinafanyiwa nini, kuziona, na kutaka zisahihishwe zikiwa na kosa. Nilikumbuka fomu ya ridhaa niliyotia sahihi, ya Kiingereza kitupu, ikisema naweza kujitoa wakati wowote kwa kupiga simu. Namba ni ya ng'ambo. Kujitoa kunakula vocha kuliko kushiriki.

Simwambii mtu afungie majibu yangu kabatini. Wenzake wapewe wayatumie, na kabla ya kuyatoa wafute fundi redio, wafute kijiji, na umri wangu wausogezesogeze kidogo. Wao wamefanya kinyume: wameyaficha kwa watafiti wenzao, wakamwonyesha mke wangu.

Juzi amekuja binti mwingine, mpole, ana adabu zake. Nikamwambia, mwanangu, haya yote nilishayajibu, tafuta kwa wenzako. Akaniangalia kwa huruma ya kweli.

"Nakuelewa, mzee wangu. Lakini tableti haifungui ukurasa wa pili bila kuweka mbuzi."

Jirani yangu naye ana kanuni yake: wageni wakinukia msaada, mbuzi wake hupungua, wakinukia mkopo, huzaa mapacha hapo hapo. Binti alikuwa ananukia mvua tu, nikashindwa kukisia.

"Andika wanne," nikasema.

Mke wangu akaitikia kutoka jikoni: "Ni wawili. Au na hao wengine umewaficha?"

Binti akaandika.