Mwanamke wa Kibrazili Kwenye Kadi Yangu

Ndugu msomaji, kama umeoa, una watoto wenye simu na shemeji aliyekuja "kwa wiki mbili tu", sogea karibu tuongee. Kama hujaoa, soma tu, siku zako zinakuja.

Kompyuta za huko ng'ambo hufanya kazi sisi tukiwa tumelala, kwa hiyo ujumbe wa makato hunifikia usiku wa manane, na anayeusoma kwanza si mimi. Ni Gavana. Mke wangu nimempa jina hilo kwa sababu sera zote za fedha za nyumba hii ya Tabata zinatoka kwake, na akishatamka hakuna rufaa. Usiku ule aliniamsha kwa kiwiko.

"Baba Zuhura, huyu mwanamke ni nani?"

Simu yangu ilikuwa mkononi mwake. Ujumbe ulisema dola 14.99 zimelipwa kwa kadi yangu, halafu likafuata jina la aliyelipwa: herufi kubwa tupu, nyota katikati, na neno lililosomeka kabisa kabisa kama jina la mwanamke wa Kibrazili. Wenzangu yaliyowakuta mnajua. Jina linaloandikwa na benki mara nyingi silo la programu uliyoitumia. Ni la kampuni iliyoitengeneza, au la wakala anayewakusanyia malipo, na hakuna mtu ndani ya nyumba aliyewahi kulisikia. Haya, mweleze hivyo mwanamke aliyeamka saa nane usiku.

Ngoja kwanza niseme habari ya kadi yenyewe. Hii si ile ya kutolea mshahara kwenye ATM. Ile ina huruma: akaunti ikikauka, muamala unakataa, mnaagana. Hii ni kadi ya mkopo. Anayekata anakata hata kama huna senti tano, mpaka ukomo ufike, na riba inakuja nyuma yake. Tuliichukua kwa ajili ya picha. Google humpa mtu GB 15 za bure, na tangu Juni 2021 picha mpya nazo huhesabiwa humo. Gavana alizimaliza kwa kicheni pati moja ya binti wa dada yake. Nilipendekeza afute zile video ambazo kinachoonekana ni mgongo wa mpambaji peke yake. Akaniuliza kama najua zile sare zilishonwa kwa shilingi ngapi. Basi tukanunua nafasi, kadi ikaingizwa kwenye akaunti, na mwanangu wa kidato cha pili, Fundi Simu, "ili kurahisisha mambo", akaziunganisha simu zote za nyumbani na akaunti ile ile. Zote. Hata ya mama mkwe.

Asubuhi baraza likakaa. Zuhura, ambaye humu ndani ni Wakili tangu aanze kusoma sheria pale Mlimani, akashika uenyekiti bila kuchaguliwa. Fundi Simu akafungua Play Store, akagusa ile picha ndogo ya juu kulia, akaingia kwenye malipo na usajili. Mbrazili hakuwemo. Tulichokikuta ni programu ya kuonyesha kibla, dola 4.99 kwa wiki. Kwa wiki, ndugu yangu! Wakili akapiga hesabu: karibu dola 260 kwa mwaka, zaidi ya nusu milioni ya kwetu.

Tukageuka wote, polepole, kumtazama mama mkwe aliyekuwa anamenya muhogo. Mama mkwe wangu ni mtu wa Tanga, mpole, na shikamoo yake huitoa nikiwa nimeinama. Alijibu bila kuinua macho kwamba paliandikwa "bure siku tatu", chini pakawa na kitufe cha kijani, naye akabonyeza. Yale mengine yaliyoandikwa kwa herufi za sisimizi hakuyasoma, miwani ilibaki Tanga. Nani amlaumu? Ila chukua ramani uone: Makka na Dar es Salaam zote ziko kwenye longitudo ya nyuzi 39 na ushei. Kwa mtu wa Tabata, kibla ni kaskazini, karibu moja kwa moja, na msikiti tumepakana nao. Tumekuwa tukiwalipa watu kila wiki watuonyeshe kaskazini. Tangu siku hiyo wajukuu wanamwita Bibi Dira, naye anaitika.

Fundi Simu akaifuta ile programu pale pale, kwa mbwembwe zote. Wiki iliyofuata wakakata tena. Hapa ndipo wengi tunapoliwa: kufuta programu hakusimamishi malipo. Usajili umekaa kwenye akaunti, haukai kwenye simu. Unarudi kule kule kwenye usajili, unaghairi, unasubiri uthibitisho. Wenye iPhone wanaingia kwenye mipangilio, wanagusa jina lao, kisha usajili, na kama ni jaribio la bure wawahi angalau saa 24 kabla halijaisha. Muda uliokwisha kulipiwa unabaki kuwa wako. Bibi Dira aliposikia hivyo akataka programu irudishwe, akaimalizia wiki yake kwa uaminifu, simu ikielekezwa kaskazini kila swala.

Akabaki Mbrazili. Gavana hakungoja uchunguzi. Aliichukua kadi akaikata vipande vinne kwa mkasi wa kukatia mapezi ya samaki. "Tuone sasa atakula wapi." Mwezi uliofuata akala pale pale. Katika malipo ya namna hii plastiki haina kazi tena. Muuzaji alishazihifadhi namba za kadi siku ya kwanza, au namba mbadala iliyowekwa badala yake, na huomba pesa zake bila kuiona kadi wala mwenye kadi.

Nikaenda benki na vipande vyangu kwenye bahasha. Dada wa huduma kwa wateja alivitazama, akanitazama, akauma midomo asicheke. "Mzee wangu, hata nikikupa kadi mpya leo, huyo anaweza kukufuata." Kumbe Visa na Mastercard wana huduma ya kuwapelekea wauzaji namba mpya mteja anapobadilishiwa kadi, ikiwa benki yake imejiunga nayo, ili malipo yasikatike. Kwa mtu anayelipia bima huo ni msaada mkubwa. Kwangu mimi ilikuwa kumhamisha ng'ombe pamoja na kupe wake.

Yule binti akanipangia safari. Nianze kwa muuzaji mwenyewe, nijitoe, na barua pepe ya uthibitisho niitunze. Kisha niiandikie benki kwamba nimeondoa idhini yangu kwa muuzaji huyo, jina lake likiandikwa vile vile lilivyo kwenye taarifa ya kadi. Akikata tena, niwasilishe pingamizi la muamala haraka, maana kwa kawaida dirisha la madai hayo ni siku 120. Kufunga kadi kuje mwisho. Nilimshukuru, ila nilibaki na swali: utajitoaje kwa mtu usiyemjua?

Jibu lilikuwa limejinyoosha kwenye kochi langu. Shemeji yangu, mdogo wake Gavana, watoto humwita Mjomba Fursa. Zile wiki mbili zake zimeshapitiwa na Ramadhani mbili. Kila alfajiri alikuwa akitandika mkeka sebuleni, anainua mguu mmoja, anaushusha, analala. Tulidhani ni maumivu ya kiuno. Wakili alipolitafuta lile jina la kwenye ujumbe mtandaoni, likamfikisha kwa kampuni inayouza mazoezi ya kupunguza kitambi, siku saba za kwanza bure. Namba za kadi Mjomba Fursa alizikariri siku alipomsomea dada yake azijaze. Na kwa kuwa alijisajili kwenye tovuti yao wenyewe, Play Store isingeweza kutuambia lolote. Kanuni za Visa tangu 2020 zinamtaka muuzaji amkumbushe mteja jaribio la bure linapokwisha, na ampe kiungo cha kujitoa. Ukumbusho ulitumwa, kwa anwani ambayo Mjomba Fursa alishasahau nywila yake. Kitambi, kwa kumbukumbu za kikao, hakijapungua.

Kujitoa sasa. Ukurasa wa kwanza: una uhakika? Wa pili: tueleze sababu. Wa tatu ukatuonyesha yote tutakayoyakosa. Wa nne wakashusha bei nusu, na hapo Mjomba Fursa akasimama. "Shem, wametupunguzia! Tukikataa si tunapata hasara?" Gavana alimtazama mdogo wake mpaka akakaa mwenyewe.

Wakili akatwambia hii ni michezo ya kawaida. Mwaka 2023 FTC, tume ya Marekani inayolinda walaji, iliishtaki Amazon kuhusu usajili wa Prime, na hati ya mashtaka ilieleza kwamba ndani ya kampuni njia ya kujitoa ilikuwa imebatizwa Iliad, ule utenzi mrefu wa Wagiriki juu ya vita vya Troya. Septemba 2025 Amazon ikakubali kulipa dola bilioni 2.5 kumaliza kesi. Bibi Dira akauliza kama katika hizo kuna za kwake.

Barua pepe ya uthibitisho ilikuja, nikaichapisha, nikaipeleka benki na barua yangu. Mbrazili hajarudi. Kwenye orodha zimebaki picha za Gavana, na juu yake tamthilia za Kituruki za kila mwezi, ambazo ukiacha kibla ndizo zinazokula pesa nyingi kuliko yote niliyoyasimulia. Nilithubutu kuuliza. Gavana akajibu kwamba hayo ni matumizi ya maendeleo, na bajeti ikapita.

Kwa hiyo, mwenzangu, leo kabla ya kulala ingia kwenye usajili wa simu yako uone unawalisha akina nani. Kisha kaiombe na ya mama mkwe. Iombe kwa adabu.